Mwaka mmoja nikijitolea hospitali ya misheni kijijini, niliyoyaona na niliyoyakosea

MtotoWaMwalimu (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Huu uzi nimeuahirisha miezi kama minne, kila nikianza kuandika nafuta. Leo niko nyumbani, mvua inanyesha, acha niushushe tu.

Mimi ni daktari, nilimaliza chuo, nikamaliza mwaka wa intani hospitali ya mkoa, halafu nikakaa kama wengi wetu tunavyokaa, unaomba ajira kwenye mfumo, unasubiri majina, majina yanatoka lako halimo. Miezi mitano. Mjomba wangu ni katekista, ndo akaniambia kuna hospitali ya misheni huko kusini masista wanahangaika, kama unaweza nenda ukawasaidie huku unasubiri. Nikapiga simu. Sista mkuu aliniuliza swali moja tu, "utaweza kukaa mpaka masika ipite?" Sikuelewa masika imeingiaje, nikasema ndiyo. Hospitali siitaji jina, kuna mambo nitayasema hapa na watu wenyewe bado wako kazini.

Basi masaa nane, kisha bodaboda saa moja na nusu na begi mgongoni. Vitanda kama 120. Daktari ni sista mmoja, pamoja na daktari msaidizi mmoja, mzee wa makamo ambaye kwa upasuaji wa kutoa mtoto hakuna mtu niliyewahi kumwona akimfikia, si mkoani si popote. Wauguzi wachache, mtu wa maabara mmoja, na nyuma ya wodi kuna jiko la ndugu wa wagonjwa, mafiga yamepangwa mstari, moshi kutwa nzima. Pembeni kuna chigonela, akina mama wajawazito wa mbali wanakuja kukaa pale wiki mbili tatu kabla ya siku zao ili uchungu usiwakute njiani. Mimi nilikuwa nimesoma kuhusu umbali wa huduma lakini sikuwahi kuona mwanamke ameacha watoto wanne nyumbani, amekaa kwenye mkeka anasubiri wa tano, kwa sababu mto ukijaa hawezi kuvuka.

Sasa niwaambie kilichonileta hapa.

Wiki ya pili, saa nane usiku, naitwa wodi ya watoto. Mtoto wa miaka miwili, homa siku ya tatu, ndani ya kope kweupe kabisa, mikono ya baridi, anapumua mbiombio. Nikambonyeza ukucha, nikaachia, rangi ikachelewa kurudi. Kichwani mwangu likaja neno moja, mshtuko, yaani damu haizunguki mwilini vya kutosha. Nikasema mwekeeni dripu, mililita 20 kwa kila kilo, iende haraka. Nesi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, amefanya kazi pale karibu miaka 30. Kanula akaiweka, mara moja tu, kwenye mshipa ambao mimi hata nilikuwa siuoni. Lakini dripu hakuifungulia. Akaniangalia akasema taratibu, "Dokta, mwanangu, huyu tupime wingi wa damu kwanza. Tukimjaza maji tunamzamisha. Mtu wa maabara nimeshamwita."

Wingi wa damu ulikuwa 3.1. Malaria imejaa. Yule mtoto hakuwa anahitaji maji, alikuwa anahitaji damu, na pumzi zile za haraka ni mwili unatafuta hewa kwa damu ambayo haipo. Tukaanza sindano ya artesunate, sukari ikapimwa ikawa chini akapewa glukosi, mjomba wa mtoto akatoa damu, ikapimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini, kaswende, ikalinganishwa na ya mtoto. Yule mama nesi akauchukua mfuko wa damu akaushika kifuani ndani ya khanga mpaka mtu wa maabara alipomaliza kuandika. Halafu akavuta stuli akakaa. Ana ile saa ya manesi inayoning'inia kifuani juu chini, akaigeuza, akaweka mgongo wa mkono kwenye kifua cha mtoto, akahesabu pumzi kwa midomo bila sauti, dakika nzima. Akaandika. Baada ya robo saa akahesabu tena, akaandika. Nilisimama pale kama mtu aliyepotea njia.

Asubuhi mtoto aliomba uji.

Niseme ukweli, kile kitu nilikisoma chuoni. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2011, unaitwa FEAST, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mshtuko, Kenya, Uganda na hapa kwetu, Hospitali Teule ya Muheza ikiwa mojawapo. Waliopewa maji ya haraka walikufa wengi zaidi ndani ya masaa 48, karibu 10 na nusu katika kila 100, na ambao hawakupewa ni kama 7. Ungeniuliza kwenye mtihani ningejibu vizuri. Ila saa nane usiku mkono ulikwenda wenyewe kwenye kile nilichozoea mkoani kwa wagonjwa wa ajali na akina mama wa uzazi wanaotoka damu. Yeye hakuwa amesoma jarida lolote, alifundishwa kwenye semina miaka hiyo, akaondoka nalo, akaliishi.

Naendelea kesho, network inasumbua.

Bibi_Shamba

Weka kiti nisubiri. Umenikumbusha mbali mwanangu. Mimi wajukuu wangu wawili wamezaliwa kwenye hospitali za masista na sijawahi kusikia daktari anasema alizuiwa na nesi akashukuru. Endelea.

FundiVolti

Mkuu ukirudi tuambie na habari za mashine. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, nimezunguka hospitali nyingi za makanisa, ninayo yangu ya kusema lakini nangoja umalize.

MtotoWaMwalimu

Nimerudi. Asanteni mlionitumia ujumbe.

Hii sehemu ya pili ndo ngumu.

Masika ilipoingia nikaelewa swali la sista. Wodi ya watoto ina vitanda 24. Kuna usiku tulikuwa na watoto 46, wawili wawili kitandani, wengine chini kwenye godoro na mama zao, na nesi ni mmoja. Mashine ya oksijeni, ile inayochuja hewa ya kawaida, ilikuwa moja inafanya kazi, tumeigawa kwa watoto watatu kwa mipira. Umeme ukikatika jenereta inawashwa na mlinzi, ikiwa mlinzi yuko geti la chini inachukua dakika kumi.

Alikuwepo mtoto wa miezi minane, nimonia. Jioni nilimwona, anapumua 68 kwa dakika, mbavu zinaingia ndani, tukamweka oksijeni, antibayotiki, akatulia. Saa tatu usiku nesi akaandika kwenye faili "hali inaendelea vizuri". Saa saba nikaitwa leba, mama ana uchungu uliokwama, tukaingia thieta na yule mzee, mtoto akatoka analia, mama mzima, nikatoka nimefurahi. Nikapita wodini saa kumi na moja alfajiri. Yule mtoto alikuwa ameshakufa. Mpira wa oksijeni ulikuwa umetoka puani, uko shingoni, plasta imelegea kwa jasho. Mama yake alikuwa amelala amekaa, amemshika mguu.

Hakuna aliyefanya uzembe. Nesi alikuwa na mtoto mwenye degedege upande wa pili na dripu nne za kubadilisha. Mimi nilikuwa naokoa watu wawili. Lakini kati ya saa tatu na saa kumi na moja hakuna mkono uliomgusa yule mtoto, na dawa zote alizohitaji tulikuwa nazo. Hewa ilikuwepo. Inatoka kwenye mpira, inamwingia shingoni.

Nililia nyuma ya stoo ya mkaa. Sista daktari akanikuta, hakuniambia usilie, alisema tu njoo tunywe chai halafu tukakae na manesi.

Tulikaa nao siku ile na siku iliyofuata. Wazo halikuwa langu, lilikuwa la yule mama wa zamu. Alisema watoto wote 46 hatuwezi kuwaona kila saa, ila kila usiku kuna watano au sita ambao kila mtu akitulia anajua ndio wanaotishia. Hao walale karibu na meza ya nesi, karibu na mlango, wote, hata kama mama mzazi ameshazoea kitanda cha dirishani. Majina yao yaandikwe kwenye karatasi moja mezani kabla daktari hajaondoka jioni. Kila baada ya masaa mawili mtu apite, ahesabu pumzi, aweke kile kipimo cha kidoleni kinachoonyesha oksijeni kwenye damu, aangalie mpira uko wapi, aandike namba. Namba, si "vizuri". Na mama wa mtoto aonyeshwe kabisa: huu mpira ukitoka puani nishtue, hata mara ishirini, sitakasirika.

Basi. Ndicho kitu kikubwa nilichoshiriki mwaka mzima. Nilipasua, nilitibu, nilitoa watoto matumboni, lakini zile kazi hata nisingekuwepo yule mzee angezifanya, amezifanya miaka yote. Nilichoweza kuongeza mimi ni jozi moja ya miguu ya kupita wodini saa sita, saa nane, saa kumi. Nikawa napita. Zamu zangu na zisizo zangu. Ukipita unakuta vitu, dripu imevimba mkono, mtoto wa utapiamlo ameachwa bila maziwa yake ya usiku na sukari inashuka, mtoto anayetapika kila kitu na mama anaogopa kumwamsha nesi. Vitu vidogo ambavyo asubuhi vinakuwa msiba.

Ndo maana nikisikia mtu anasema anataka kwenda kujitolea "akasaidie upasuaji", namwelewa, lakini namwomba kwanza aulize nani anapita wodini usiku.

MamaWawili

Nimesoma nikaacha simu nikaenda kumwangalia mwanangu amelala. Pole sana dokta na pole kwa yule mama.

Naomba kuongeza la upande wetu wazazi. Mwanangu wa kwanza alilazwa hospitali ya misheni, mkoa mwingine, na nilipoambiwa anawekwa oksijeni niligoma. Wodi nzima walikuwa wananiambia usikubali, wanaowekwa ile mipira hawarudi. Na kweli tulikuwa tumeona wawili wamewekwa wakafa. Hakuna aliyetueleza kwamba wanaowekwa ni wale walioshazidiwa. Aliyeniokoa ni mama mwenzangu wa kitanda cha jirani, wa kwake alikuwa ametolewa oksijeni jana yake anacheza na kijiko, akaniambia mwangalie huyu. Ndo nikakubali.

MtotoWaMwalimu

MamaWawili umesema jambo ambalo sisi lilituchukua miezi kulielewa. Kwetu walikuwa wanauita mpira wa kukatia roho. Mwanzoni nilikuwa naeleza kwa maneno mengi, mapafu, hewa, damu. Haikusaidia. Halafu yule mama nesi akaanza kufanya hivyohivyo, mzazi mpya akikataa anamwita mzazi ambaye wa kwake amepona, wanakaa wenyewe wawili, yeye anaondoka. Na kipimo cha kidoleni nacho kilisaidia sana, unamwonyesha mama namba iko 82, unaweka mpira, dakika chache namba inapanda 93, 95, mama anaiona kwa macho yake. Wapo waliokuwa hawajui kusoma lakini baada ya siku mbili wanakuja kukuambia dokta imeshuka chini ya tisini.

Mkuki_wa_Jadi

Mimi nitasema tofauti na msinichukie. Huku kujitolea ni kunyonywa. Kijana amesoma miaka mitano na intani juu, anafanya kazi usiku na mchana, analipwa nini? Baraka? Hospitali inatoza wagonjwa hela halafu mfanyakazi anaambiwa anajitolea. Na nyie mkikubali ndo serikali inaona hakuna haja ya kuajiri, wodi zinakwenda. Mleta uzi umeandika vizuri lakini umelipamba tatizo.

MtotoWaMwalimu

Mkuu Mkuki sikuchukii, na nusu ya ulichosema nakubaliana nacho kabisa.

Nilikuwa napewa posho ya laki moja na nusu kwa mwezi, chumba, na chakula cha mchana jikoni kwa masista. Miezi miwili posho haikutoka. Nikamfuata sista mhasibu nimekunja uso, akanifungulia daftari. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano na mama mjamzito watibiwe bure, na ni sera nzuri, lakini hospitali ya misheni haina hela ya serikali moja kwa moja, inalipwa kwa mkataba na halmashauri kwa wagonjwa hao, na ule mwaka malipo yalikuwa yamechelewa robo mbili. Wodi iliyojaa ni ya hao hao wasiolipa. Kwa hiyo masika, kipindi cha kazi nyingi kuliko vyote, ndo kipindi hospitali haina hela kuliko vyote. Wakati huo dizeli lazima inunuliwe. Artesunate inatoka Bohari ya Dawa, ikikosekana kule lazima ununue kwa mtu binafsi kwa bei yake.

Haya mahusiano ya serikali na makanisa si ya jana, kuna makubaliano ya 1992 ndiyo yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na hospitali kadhaa za misheni ni Hospitali Teule za wilaya, yaani pale wilaya isipokuwa na hospitali ya serikali, hiyo ndo hospitali yenu. Kuna sehemu serikali inalipa mishahara ya baadhi ya wafanyakazi mle ndani na inasaidia sana. Kwetu walikuwepo saba, mmoja akistaafu nafasi inakaa wazi.

Kwa hiyo ndiyo, mtu aliyesoma alipwe. Naomba lisisomwe kwamba nasema vijana wakafanye bure milele. Mimi niliweza kwa sababu sina mtoto na mama yangu ni mwalimu, ana mshahara wake. Mwenzangu niliyemaliza naye ana wadogo watatu anawasomesha, asingeweza hata mwezi, na hakuna mtu wa kumwambia hana moyo.

Lakini ile nusu nyingine sikubali, ya kwamba tusipokwenda wataajiri. Ile masika watoto wasingesubiri tupatane.

Tabibu_wa_Zamani

Vijana, shikamoo zenu nazipokea, mimi ni tabibu mstaafu, nimefanya kazi Mtwara na Lindi.

Nimefurahi mleta uzi umempa nesi heshima yake. Ngoja niwakumbushe mtu mmoja, Dokta Leader Stirling. Mwingereza, alifika 1935 kufanya kazi na misheni ya Kianglikana ya UMCA kule Lulindi, Masasi, baadaye akahamia Mnero. Huyu hakuja wiki tatu. Alichukua uraia, akawa mbunge, na Mwalimu akamteua kuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 mpaka 1980. Wengi wanamkumbuka kwa upasuaji, na kweli alipasua sana tena kwa vifaa duni, lakini sisi watu wa kusini tunamkumbuka kwa kufundisha wauguzi wenyeji tangu enzi za mkoloni, wakati wengine walikuwa wanaona mwenyeji atafagia tu. Mimi nilipoanza kazi, waliokuwa wananishika mkono usiku ni wale waliofundishwa na waliofundishwa na hao. Nesi wako aliyekataa kufungua dripu, ukifuatilia nani alimfundisha, na huyo alifundishwa na nani, utarudi nyuma sana.

Na misheni zilikuwa na kasoro zake, mimi nimezila hizo kasoro, nimeshawahi kunyimwa likizo kwa sababu sikuonekana kanisani. Lakini hilo la kufundisha waliliweka.

FundiVolti

Zamu yangu sasa. Mleta uzi umesema mashine ya oksijeni ilikuwa moja INAFANYA KAZI. Naomba nibahatishe, mlikuwa nazo zaidi ya moja, nyingine zimekaa stoo, na angalau mojawapo ilichomekwa ikatoa moshi siku ya kwanza.

Maana nimeliona hili mpaka nimechoka. Kontena linakuja limejaa vitu vya watu wema wa Marekani, kule umeme wao ni volti 120, mzunguko 60, sisi huku ni 230 kwa 50. Mtu anabadilisha plagi tu anadhani yameisha. Mashine inakufa palepale. Nyingine hazifi ila zinahitaji kichujio cha kubadilishwa kila baada ya muda, hicho kichujio hakikuja kwenye kontena. Nyingine ziko salama kabisa, tatizo ni vumbi, kuna sponji nyuma inatakiwa kuoshwa kwa maji na sabuni kila wiki, hakuna aliyeambiwa. Nimefika hospitali moja nikaosha sponji tatu, mashine tatu zikafufuka, watu wanadhani mimi mganga.

MtotoWaMwalimu

Mkuu umebahatisha sawasawa. Zilikuwa nne. Moja iliungua hivyo hivyo kabla sijafika. Moja kompresa imekufa. Moja ilikuwa haina shida yoyote ila inapiga kengele, wakaizima, wakaisukuma stoo. Alikuja kijana fundi kutoka mjini mwezi wa tano akafanya kile ulichoandika, akafungua nyuma, akatoa sponji imekuwa kama udongo wa mfinyanzi, akaiosha, akaianika juani, jioni mashine ikawa inatoa hewa vizuri. Ile imekaa stoo miezi saba. Nimehesabu watoto wa miezi saba kichwani mwangu nikaacha kuhesabu.

Na dawa pia. Kuna shehena ilikuja dawa zimebakiza miezi miwili kuisha muda, wakati mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema dawa za msaada zibaki na angalau mwaka mmoja zikifika nchini. Masista hawakutaka kumvunja moyo aliyetuma, wakaandika barua ya shukrani, kisha wakatafuta hela ya kuziteketeza. Mimi ningependa waandike ukweli. Mtu aliyekusanya vitu kwa moyo safi anastahili kujua, ili mwaka ujao alete kichujio.

Kilombero2

Vipi kuhusu wageni wa nje wanaokuja kujitolea wiki tatu nne, wewe uliwaonaje? Huku kwetu kuna wanaokuja, wanafunzi tu, unakuta wanashika wagonjwa na picha juu.

MtotoWaMwalimu

Hilo la picha kwetu sista alikuwa mkali mno, simu inaachwa ofisini. Na daktari wa nje lazima awe na usajili wa muda kutoka Baraza la Madaktari Tanganyika, bila hiyo unatazama tu. Wanafunzi wawili walitazama tu mwezi mzima, vizuri kabisa.

Ila nimwelezee mmoja, nesi wa watoto kutoka Ulaya, alikaa wiki sita. Kiswahili chake kilikuwa salamu na "pole". Siku tatu za kwanza hakugusa kitu, alikuwa anamfuata yule mama nesi kama kivuli na daftari. Siku ya nne akauliza kupitia kwangu, "ni kitu gani mnakitafuta kila siku na hamkipati haraka?" Manesi wakacheka, wakasema kanula ndogo, mfuko wa mtoto wa kupulizia hewa, kipimo cha sukari, usiku unavitafuta kwenye kabati tatu na funguo anazo mtu amelala. Akatumia wiki nzima kupanga toroli moja ya dharura, kila droo na picha ya kilichomo, funguo imefungwa kamba kwenye mpini, na karatasi ya kukagua kila asubuhi. Akaondoka. Mpaka natoka mimi ile toroli ilikuwa inakaguliwa.

Wamekuja na wengine wenye ujuzi mkubwa kuliko yeye, wamefanya upasuaji mzuri, nawashukuru, na wagonjwa waliopasuliwa wanawashukuru zaidi. Ila wiki wanayoondoka vidonda vinabaki kwetu, na mmoja ulifunguka siku ya tisa tukakaa nao miezi miwili.

Bibi_Shamba

Yule mtoto wa uji yuko wapi?

MtotoWaMwalimu

Bibi, alirudi mara moja kliniki kupimwa damu, ilikuwa 9.8, amenenepa, alinikimbia akajificha nyuma ya mama yake kwa sababu ya koti jeupe. Yule mjomba aliyetoa damu naye alikuja, akauliza kama kuna mtoto mwingine anahitaji. Kikundi chake ni O. Tukamwandika kwenye daftari la simu za usiku, na mpaka mwaka unaisha alishatoa mara tatu nyingine, kila baada ya miezi mitatu, anakuja kwa baiskeli.

Naenda_Jumatatu

Wakuu mimi ni tabibu nimemaliza mwaka jana, nimepata nafasi ya kujitolea hospitali ya misheni, naondoka Jumatatu kweli kama jina langu. Nimesoma uzi wote mara mbili. MtotoWaMwalimu naomba uniambie nibebe nini. Hela ni kidogo, usiniambie vitu vya ghali.

MtotoWaMwalimu

Hongera mkuu. Sikuandika kitu kimoja kule juu, nakuandikia sasa. Mwezi wa sita ile ratiba yetu ya kupita kila masaa mawili ilianza kulegea. Nikadhani watu wamechoka. Nikamuuliza yule mama nesi, akatoa kile kipimo cha kidoleni mfukoni akanionyesha, kimezimika, kimezimika siku nne. Betri zimeisha, dukani pale kijijini ziko kubwa za redio tu, hela ya kumtuma mtu mjini haijapatikana, na yeye aliona haya kuniomba mimi kijana mwenye posho ya kuchelewa.

Betri ndogo zile za AAA, pakiti mbili, nzuri, si za bei ya chini kabisa. Na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ya simu haifai, utahitaji mkono mmoja uwe kifuani kwa mtoto.

Naenda_Jumatatu

Nimeshanunua betri. Saa nitachukua ya baba, amekubali.